Kasti Iliyopasuka: Inachomeleka au Haichomeleki?

Mashine ya kusaga imesimama. Kichwa cha silinda kimefanya ufa, maji yanachuruzika kila injini ikiwashwa, na mwenye mashine yuko kati ya mafundi wawili. Mmoja anamwambia kasti haichomelewi, akatafute kichwa kingine. Wa pili anamwambia aiache kazi hapo, jioni aje aichukue. Anamchagua wa pili kwa sababu ni nafuu na ni haraka. Wiki haijaisha, ufa umerudi, safari hii sentimita moja pembeni ya ule wa kwanza. Tangu siku hiyo huwaambia wenzake kwamba kasti ikipasuka ni ya kutupwa, na swali linabaki likizunguka vijiweni: inachomeleka au haichomeleki?

Inachomeleka. Imekuwa ikichomelewa kwa zaidi ya miaka mia moja, katika kazi nzito kuliko kichwa cha injini ya kusagia. Kinachoamua ni joto: limeingiaje kwenye chuma, limeenea hadi wapi, na limetokaje. Fundi anayelitawala joto ataiponya kasti kwa mashine ya kuchomelea ya kawaida kabisa. Asiyelitawala ataivunja hata akiwa na vijiti vya bei ya juu. Sura hii inaeleza sababu, ili wewe mwenye mali ujue unalipia nini, nawe fundi unayeanza upate pa kushika.

Tunazungumzia chuma gani?

Kasti ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga na kugandia humo. Ndicho kilichotengenezewa miguu ya cherehani za kukanyaga, jiliwa la karakana, puli kubwa za mashine za nafaka, na bloku na vichwa vya injini nyingi za dizeli. Injini ya Lister ya Uingereza, ile ya silinda moja na magurudumu mawili mazito ubavuni, karibu yote ni kasti. Ndivyo zilivyo pia nakala zake zilizotengenezwa Rajkot, India.

Kinachoitofautisha kasti na chuma cha pua, yaani chuma cha nondo na mabomba ya fremu, ni kaboni. Nondo ya kawaida ina kaboni ya takriban robo ya asilimia moja. Kasti ina asilimia 2.5 hadi 4. Kaboni nyingi namna hiyo haiwezi kukaa yote ndani ya chuma, hivyo katika kasti ya kijivu, ambayo ndiyo iliyozagaa, sehemu kubwa hujitenga na kuwa vipande vidogo bapa vya grafiti, ile ile inayoandika ndani ya penseli. Grafiti hiyo ina faida zake: inafanya kasti ikerezeke kwa urahisi, inapunguza mtikisiko wa mashine, na inasaidia silinda isikwaruzike. Hasara yake ni kwamba kila kipande cha grafiti ni mahali ambapo chuma hakikushikana na chuma. Ndiyo maana kasti huhimili kukandamizwa mara tatu au nne zaidi ya inavyohimili kuvutwa. Ukiivuta hairefuki, wala haipindi kukuonya. Inakatika.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, hakikisha unachoshika ni kasti kweli:

• Iguse kwa grainda mahali pasipoonekana. Chuma cha pua hutoa cheche ndefu nyeupe au za manjano. Cheche za kasti ni fupi, za wekundu uliofifia, na huzimika karibu na jiwe.
• Ipige tupa. Kasti hutoa unga mweusi unaochafua vidole.
• Itoboe kidogo kwa keekee. Chuma cha pua hutoa nyuzi zinazojikunja, kasti hutoa chembechembe.
• Tazama palipovunjika. Pakiwa pa kijivu, endelea kusoma. Pakiwa peupe panang'aa, hiyo ni kasti nyeupe, ambayo kaboni yake haikujitenga bali iliungana na chuma ikawa ngumu mno. Hutengenezewa vitu vya kusaga na kuponda. Usipoteze fedha kuichomelea.

Ipo pia kasti inayonyumbulika, iliyogunduliwa mwaka 1943 na Keith Millis wa Marekani. Yeye aliona kwamba magnesi kidogo ikichanganywa kwenye kasti iliyoyeyuka, grafiti hugeuka kutoka vipande bapa na kuwa vijidonge vya duara, na chuma hupata uwezo wa kupinda kabla ya kukatika. Utaikuta kwenye krenkshafti na sehemu nyingi za magari ya sasa. Nayo inachomeleka, ingawa pale palipochomelewa hapawi tena na unyumbufu wa mwanzo.

Kwa nini ufa unarudi

Mwali wa umeme wa mashine ya kuchomelea una joto la maelfu ya nyuzi. Unapogusa kasti, sehemu ndogo sana inayeyuka huku sentimita chache pembeni pakiwa bado baridi. Kila mama anayepikia vyungu anajua hatari hiyo: chungu kipya ukikiweka kwenye moto mkali unaokigonga upande mmoja, kinapasuka, na kosa halikuwa la udongo. Kasti nayo huvunjwa na tofauti ya joto kati ya sehemu na sehemu.

Tuhesabu kidogo. Kipande cha kasti cha sentimita 30 kikipashwa nyuzi 600 za Selsiasi hurefuka kwa karibu milimita 2. Milimita 2 ni kidogo kwa macho, lakini zikianza kurudi wakati sehemu nyingine zote za mashine zimekaa palepale, lazima kitu kitoe nafasi. Chuma cha pua kingevutika kidogo na mambo yakaisha. Kasti haina cha kutoa, kwa hiyo inapasuka. Mara nyingi haipasuki mwali ukiwaka, hupasuka baadaye, wakati fundi amekwisha vua barakoa na anajifuta jasho. Husikika mlio mdogo mkavu, ti! Wakati mwingine hausikiki kabisa, na ufa huonekana siku injini inapowashwa.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Pembeni ya mshono, mahali pembamba kuliko ukucha, kasti inapata joto la kutosha kuyeyusha grafiti yake na kuirudisha ndani ya chuma. Kikipoa polepole, grafiti itajitenga tena. Kikipoa ghafla, kaboni hunaswa humohumo na chuma kinakuwa kigumu kiasi kwamba tupa inateleza juu yake na keekee inaungua bila kuingia. Ukingo huo mgumu ndio mahali ambapo ufa wa pili huzaliwa, na ndiyo maana mwenye mashine wetu aliuona sentimita moja kutoka pale pa kwanza.

Sasa ongeza vijiti vya kawaida, vile vya kuchomelea mageti na madirisha. Ni vya chuma cha pua. Vikiyeyuka juu ya kasti vinafyonza kaboni yake, na mshono wenyewe unakuwa mgumu mithili ya ukingo wake. Kisha unasinyaa kwa nguvu nyingi, unajibandua ukiwa umeng'oa tabaka jembamba la kasti. Nimeona mishono ya namna hii ikinyanyuliwa kwa tindo na kutoka mizima, yenye sura nzuri kwa juu na unga wa kijivu chini yake.

Kwa ufupi: kasti hupasuka tena kwa sababu haivutiki inaposinyaa, na kwa sababu kupoa ghafla huifanya ngumu pembeni ya mshono. Kila njia nzuri ya kuichomelea ni jibu la mambo haya mawili.

Silinda zilizovunjwa kwa makusudi

Jibu kubwa la kwanza lilipatikana vitani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli nyingi za abiria za Ujerumani zilikimbilia bandari za Marekani, nchi ambayo wakati huo haikuwa vitani, zikazuiliwa huko. Mapema mwaka 1917 ilipodhihirika kwamba Marekani itaingia vitani, mabaharia wa meli hizo waliagizwa kuziharibu. Walijua pa kupiga. Silinda za injini za mvuke zilikuwa kasti, kubwa kiasi cha mtu kusimama ndani. Walizivunja wakang'oa mapande, wakiamini kwamba kasti iliyovunjika hivyo haitengenezeki, na kwamba kusubu silinda mpya kungechukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe.

Marekani ilitangaza vita tarehe 6 Aprili 1917 na kuzitwaa meli hizo. Wapo wataalamu waliopendekeza silinda mpya. Jeshi la wanamaji likaamua kuchomelea kwa umeme, kazi ambayo wakati huo ilikuwa changa na wengi hawakuiamini. Mafundi walisawazisha kingo za matundu, wakatoboa mistari ya matundu madogo pembeni na kukata hesi ndani yake, kisha wakafunga pini za chuma cha pua. Palipokosekana pande zima, walitengeneza kiraka cha chuma cha pua cha umbo lile lile. Halafu wakachomelea, wakijaza chuma juu ya pini na kukiunganisha na kiraka.

Siri ya kazi ile ilikuwa kwenye pini. Vijiti vya nikeli tunavyovitumia leo havikuwapo. Mshono wa chuma cha pua juu ya kasti tupu ungejibandua, kama nilivyoeleza. Lakini pini zilikuwa zimeingia ndani ya kasti nzima, mbali na ukingo mgumu, na hesi zake ndizo zilizobeba mzigo. Mshono ulikuwa umeshika pini, na pini zimeshika silinda.

Kabla ya mwaka kwisha, Grosser Kurfürst iliyopewa jina la Aeolus, Friedrich der Grosse iliyoitwa Huron, na Kaiser Wilhelm II iliyoitwa Agamemnon, zilikuwa zimeng'oa nanga kwenda Ufaransa zikiwa zimebeba askari wa Marekani. Nadhani hakuna kazi ya kuchomelea iliyobadilisha mawazo ya mafundi wa dunia kuliko ile.

Huku kwetu Wajerumani walifanya kinyume. Mafundi walioizamisha Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika mwezi Julai 1916 walizipaka injini zake grisi nzito kwanza, wakitumaini kuirudia. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikawa ikibeba watu na mizigo kutoka Kigoma kwa jina la Liemba. Yeyote aliyewahi kushughulika na kasti iliyovunjwa ataelewa thamani ya grisi ile.

Kutayarisha ufa

Turudi karakanani. Robo tatu ya kazi hufanywa kabla ya mwali kuwaka, na hapa ndipo fundi mwenye haraka hujulikana.

Kwanza jiulize ufa umetoka wapi. Injini iliyopasuka kwa sababu mtu alimimina maji baridi kwenye rejeta yenye moto itapasuka tena akirudia. Kichwa kilichopasuka kwa sababu bolti zilikazwa upande mmoja kwanza, au kwa sababu koti la maji, yaani nafasi inayopitisha maji kuzunguka silinda, limejaa ukoko wa chumvi na kutu, kitapasuka tena hata kikichomelewa na fundi bora kuliko wote. Mguu wa mashine iliyokaa kwenye msingi uliolegea nao ni hivyo hivyo.

Pili, tafuta ufa unaishia wapi. Macho hudanganya hapa, kwa kuwa ncha ya ufa ni nyembamba kuliko unywele. Paka mafuta ya taa, subiri yapenye, futa kabisa pakauke, kisha sugua chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha ndani yanapanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Fuata mstari huo mpaka mwisho wake, usogee mbele kidogo, na utoboe tundu la milimita 3 au 4. Fanya hivyo kila mwisho. Tundu la duara linausimamisha ufa usiendelee kukimbia mbele ya joto.

Tatu, chimba ufa wote kwa tindo au grainda uwe mfereji wenye umbo la V, karibu mpaka chini. Ukitumia grainda, malizia kwa tupa au tindo, maana jiwe huipaka grafiti juu ya chuma na mshono haushiki juu ya grafiti. Nne, toa mafuta. Kasti ya injini imenyonya oili miaka na miaka. Ioshe, halafu ipashe polepole mpaka iache kutoa moshi, ufute, upashe tena. Ukiona mshono wa kwanza una matundu matundu, mafuta hayajaisha. Uchimbe uanze upya.

Na kama kipande kina nafasi iliyofungwa, kwa mfano koti la maji, fungua plagi zake zote. Maji au mafuta yaliyonaswa ndani yakichemka hutafuta njia ya kutokea, na yakikosa hulipuka.

Joto lote, au joto dogo kabisa

Zipo njia mbili salama, na hatari yote iko katikati yake.

Njia ya joto lote ni kukipasha kipande kizima, siyo palipopasuka tu, mpaka nyuzi 500 hadi 650. Kiwango hicho ukikitazama kivulini, kasti inaanza kuonyesha wekundu hafifu sana. Ikiwa nyekundu ya kuwaka, umezidisha. Karakana isiyo na tanuri hujenga ukuta wa matofali kuzunguka kipande na kutumia mkaa, ukiongezwa kidogo kidogo. Kinachomelewa kikiwa bado na moto huo, kwa gesi na fimbo ya kasti yenyewe pamoja na dawa yake, kisha kinarudishwa kwenye joto, kinafukiwa kwenye majivu, chokaa kavu au mchanga mkavu, na kuachwa mpaka kesho yake au zaidi. Kwa kuwa kila sehemu imetanuka pamoja, kila sehemu inasinyaa pamoja. Kwa kuwa kimepoa polepole, grafiti imepata muda wa kujitenga. Mshono unakuwa wa rangi ile ile na unakerezeka. Kwa kazi inayostahili, sijui njia inayoishinda. Lakini inakula mkaa, inakula siku, na sehemu zilizokerezwa kwa usahihi zinaweza kupinda, hivyo uso wa kichwa cha silinda lazima usawazishwe upya.

Njia ya joto dogo inakwenda upande wa pili: kipande kisipate moto kabisa, isipokuwa pale mwali unapogusa. Hapa vijiti vya nikeli havina mbadala. Vipo vya nikeli karibu tupu, vinavyotoa mshono laini unaotobolewa kwa keekee, na vipo vya nikeli na chuma vikikaribiana nusu kwa nusu, vyenye nguvu zaidi na vinavyofaa kasti nene au kasti ya kuunganishwa na chuma cha pua. Nikeli haigeuki ngumu ikikutana na kaboni, na inakubali kuvutika, kwa hiyo kasti inaposinyaa mshono ndio unaotoa nafasi. Bei yake ni mara nyingi ya vijiti vya kawaida, na mwenye mali anapaswa kulijua hilo mapema.

Mtazame fundi anayeijua njia hii, kwa mfano kwenye nyumba ya pampu ya maji. Kijiti chake ni chembamba, milimita 2.5 au 3.2, na mkondo wa umeme ameushusha hadi pale kijiti kinapokubali kuwaka tu. Anachora mshono wa sentimita mbili au tatu, basi. Anazima. Papo hapo, mshono ukiwa bado mwekundu, anashika nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo na kuugonga mfululizo, mapigo mepesi ya haraka, mpaka wekundu utoweke na uso wake uwe na vidoto. Mapigo hayo yanautandaza mshono wakati unapotaka kusinyaa, na ndiyo yanayoiondolea kasti mzigo wa kuvutwa. Kisha anakaa. Anaweka kiganja karibu na mshono, na kama hawezi kukiacha hapo, haendelei. Pakipoa, hafuatilii pale alipoishia; anaruka upande wa pili wa ufa, anachora kipande kingine kifupi, anagonga, anakaa tena. Ufa wa sentimita 20 unaweza kumchukua nusu siku, na sehemu kubwa ya muda huo utamkuta amekaa. Mwenye mali asiyejua hudhani anacheleweshwa. Usimharakishe. Na ukimwona anamwaga maji au anapuliza upepo ili kipoe upesi, chukua mali yako uondoke.

Kosa la katikati ni kukipasha kipande nusunusu, mshono mrefu mmoja, joto kali upande huu na baridi upande ule. Hapo umepata madhara ya njia zote mbili na faida ya hata moja hukuipata.

Ipo pia njia ya shaba ya manjano, ambayo mafundi wa gesi wa zamani waliipenda, nami naipenda kwa sehemu zisizopata moto mkali: miguu ya cherehani, miili ya jiliwa, vishikio, nyumba za pampu. Shaba huyeyuka karibu na nyuzi 900 wakati kasti yenyewe huhitaji karibu 1,150 au zaidi, kwa hiyo kasti haiyeyuki. Inapashwa mpaka wekundu uliofifia, inanyunyiziwa boraksi, na shaba inatambaa juu yake na kuishika. Mfereji uwe mpana ili shaba ipate eneo kubwa la kushikilia. Kasoro zake ni rangi, ambayo itaonekana siku zote, na udhaifu kwenye joto. Usiitumie kwenye manifoldi inayopitisha moshi wa injini.

Moshi wa kazi hizi si wa kuchezea. Moshi mweupe wa shaba ya manjano ni zinki inayoungua, na huleta homa na kutetemeka jioni yake. Moshi wa nikeli ni mbaya zaidi, kwa sababu kuuvuta kwa miaka kunaweza kuleta saratani. Fanyia kazi nje au penye upepo, kichwa kikiwa pembeni ya moshi.

Kushona bila moto

Kwa bloku kubwa ambayo kuipasha ni taabu, ipo njia isiyotumia joto kabisa, iliyopata umaarufu miaka ya 1930 kwenye visima vya mafuta vya Marekani, mahali ambapo hakuna anayethubutu kuwasha mwali. Fundi anatoboa tundu juu ya ufa, anakata hesi, anafunga plagi yenye hesi na kuikata usawa wa uso. Tundu linalofuata analitoboa likila sehemu ya plagi ya kwanza, na kadhalika mpaka ufa wote umegeuka mnyororo wa plagi zilizobanana. Ili pande mbili zisiachane, anaweka pia vipande vya chuma vinavyokatiza ufa, vilivyokaa kwenye matundu yaliyopangwa. Ni kazi ya subira na vipimo. Bloku iliyoshonwa vizuri huzuia maji kwa miaka, na kwa kuwa haikupata joto, haikupinda popote.

Kabla hujakubaliana na fundi

Muulize maneno machache, na usikilize anavyojibu:

• Atatumia vijiti gani? Akisema vya kawaida tu, bila pini wala maelezo, tafuta mwingine.
• Atatoboa ncha za ufa?
• Atakipasha kizima, au atafanya vipande vifupi vya baridi? Jibu lolote kati ya haya mawili ni jema. "Nitapasha kidogo" si jibu.
• Kitapoa kwa muda gani, na wapi?
• Atakijaribu vipi? Koti la maji lijazwe maji yenye shinikizo na kuangaliwa, kabla ya kufungwa kwenye injini.

Fundi anayekupa sababu za kila hatua anastahili bei anayotaja, hata ikiwa mara tatu ya jirani yake.

Vitu ambavyo havichomelewi

Yote niliyoandika yanahusu vitu ambavyo vikishindwa, hasara ni maji kuvuja au mashine kusimama. Vipo vingine ambavyo vikishindwa mtu anakufa, na juu ya hivyo sina nafasi ya majadiliano. Drami za breki za gari au lori zisichomelewe, wala sehemu yoyote ya usukani, wala kulabu na vifaa vya kuinulia mizigo, wala chombo kinachohifadhi mvuke au hewa yenye shinikizo.

Kikubwa kuliko vyote huku kwetu ni flaiwili, yaani gurudumu zito la injini ya kusagia. Injini ya Lister ya nguvu farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 likizunguka hivyo, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa, na kila sehemu ya ukingo inavutwa kwenda nje, namna ile ile ambayo kasti haiiwezi. Gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, kikiharibika na mwendo ukaongezeka maradufu, mvuto huo unakuwa mara nne. Mshono mzuri kupita yote niliyoeleza hauwezi kuaminiwa hapo, na hakuna namna ya karakana ya mtaani kuupima. Mapande ya gurudumu lililopasuka huvunja kuta.

Kwa hiyo ukiona ufa kwenye flaiwili, hata mdogo, hata kwenye mkono mmoja tu, zima injini na ulitoe. Usilichomelee, usimpe fundi alijaribu, wala usiliweke nyuma ya nyumba likisubiri siku. Livunje vipande kwa nyundo kubwa kabla ya kuliuza chakavu, asije mtu mwingine akalinunua, akaziba ufa na kulifunga kwenye mashine ambayo watoto wanapanga foleni mbele yake na ndoo za mahindi.